Mwamina na gari lililomtemea baba wa bibi harusi

Mwamina Bilali anapiga honi mara mbili, na watu wote waliosimama mbele ya gari lake wanakimbia. Muuza maandazi anakumbatia beseni lake na kuruka mtaro. Dereva wa bodaboda anarudisha pikipiki kinyumenyume. Mzee mmoja mgeni, ambaye hajui kinachoendelea, anabaki palepale na mfuko wake wa mbegu za ufuta mpaka mtu mwenye huruma anapomvuta kwa mkono wa shati.

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika kituo cha magari madogo mjini Nachingwea. Mwamina anawasha taa, halafu anavuta kijiti kilicho pembeni mwa usukani. Kwenye bampa la mbele vinachomoka vipua viwili, kimoja chini ya kila taa, na kutema maji kwa nguvu. Tope la mvua ya jana linateremka kwenye vioo vya taa. Kipua cha kushoto kinarudi ndani chenyewe kwa adabu. Cha kulia kinabaki nje kama ulimi wa mbuzi mpaka Mwamina ashuke akisukume kwa kidole gumba.

"Sasa linaona," anasema huku akifuta mikono kwenye kanga. "Abiria wa Ruangwa, pandeni."

Gari hilo watu wa hapa wanaliita Swila, kwa heshima ya yule nyoka anayetema mate ukiwa bado uko mbali naye. Aina yake hatuitaji, isije ikaonekana tunalitangaza au, mbaya zaidi, tunalichongea. Inatosha kusema ni gari dogo la rangi ya fedha, lilianza maisha yake ng'ambo, na sasa linaishi kwenye vumbi.

Mwamina ana miaka thelathini na tisa na watoto watatu. Ni mwanamke pekee katika foleni ya kituo hicho. Alianza kuendesha baada ya mumewe kuhamia Tunduru na kusahau njia ya kurudi, kama anavyosema mwenyewe bila kinyongo cha kuonekana. Gari ni la mfanyabiashara mmoja wa korosho, ambaye amempa kwa mkataba: kila siku ya kazi anapeleka hesabu ya shilingi elfu thelathini, na miaka mitatu ikitimia gari linakuwa lake. Haujabaki hata mwaka.

"Watu wanadhani nililichagua mimi," anasema. "Nililikuta hivihivi. Siku ya kwanza natoka nalo getini kwa bosi, nikaosha kioo, nikamlowesha bosi mwenyewe. Akasema, basi hilo ndilo lako."

Fundi umeme wa magari, Benedikto, mwenye karakana karibu na soko, ndiye aliyemweleza vipua hivyo vimewekwa kwa ajili gani. Anasema kwenye nchi za baridi theluji na tope la barabarani huziba taa, na dereva hawezi kusimama kila baada ya kilomita mbili kuzipangusa. Kwa hiyo wenzetu wakatengeneza gari linaloosha uso lenyewe. Kwa namna lilivyounganishwa hili la Mwamina, taa zikiwa zimezimwa ukivuta kijiti kinaoshwa kioo cha mbele tu. Taa zikiwa zimewaka, na zenyewe zinaoshwa, upende usipende.

"Wateja wengi wakija na gari la namna hii huniambia niving'oe," anasema Benedikto. "Mwamina ndiye wa kwanza kuniambia nivitengeneze."

Sababu anayo. Barabara ya kwenda Ruangwa wakati wa kiangazi haina mawingu ila ya chini, ya vumbi. Lori likipita mbele yako, unaendesha kwa kukumbuka. Mwezi wa sita na wa saba, wakulima wakipuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho kabla upepo haujaamka, unga ule wa njano hutambaa mpaka barabarani na kuganda kwenye taa zilizoloa umande. Mvua zikianza, ni tope na kumbikumbi. Madereva wengine husimama, hushuka na kitambaa na chupa, hulalamika, hupanda. Mwamina huvuta kijiti.

Muuguzi mmoja anayefanya kazi upande wa Mnero anasema yeye hapandi gari jingine jioni. "Mengine yanamulika kama yana usingizi," anasema. "La Mwamina linamulika mpaka unaona sungura anawaza nini."

Lakini hakuna aliyewahi kuishi na Swila bila kuumwa. Kwanza, linakunywa. Tanki lake la maji ya kuoshea ni kubwa kuliko ndoo, na kila mtemo mmoja hubeba kiasi ambacho akina mama kwenye bomba la mtaa hukitazama kwa uchungu. Mwamina anakiri kwamba mwezi wa kumi, maji yanapokuwa ya shida, hujaza madumu saa ambayo bomba halina watu, si kwa sababu ya foleni bali kwa sababu ya maneno.

Pili, kipua cha kulia. Kilipigwa na jiwe siku nyingi, kikapinda, na tangu hapo kinatema nusu kwenye taa na nusu mbele, mbali, kwa yeyote aliyepo. Katika orodha ya waliokwisha kulowa wamo mbuzi wawili, katekista mmoja, askari wa barabarani aliyekuwa ameinama kusoma namba, na mwenyekiti wa madereva wa kituo hicho, Silvanus, aliyeloweshwa mara mbili katika wiki moja na ambaye hadi leo anaamini mara ya pili ilikuwa ya makusudi.

"Mara ya pili ilikuwa ya makusudi kidogo," anasema Mwamina.

Pamoja na hayo, kwa miaka miwili alikuwa na kitu ambacho madereva wenzake hawakuwa nacho. Akina mama walimwamini. Binti akienda kuchezwa unyago kijiji kingine, anaitwa Mwamina. Mjamzito akipelekwa zahanati, anaitwa Mwamina. Na harusi, hasa msimu wa korosho ambapo fedha ipo na watu wanaoana kwa fujo, gari la bwana harusi na la bibi harusi lilikuwa la Mwamina. Ni dereva asiyevuta sigara, asiyetazama abiria kwenye kioo na asiyekunywa. Hilo la mwisho ndilo lililokuja kumponza.

Mwezi wa kumi alikodiwa kumpeleka bwana harusi kutoka Nachingwea hadi Chinongwe, wilayani Ruangwa, ambako ndoa ilikuwa ifungwe nyumbani kwa bibi harusi. Mbele alikaa Mzee Hamidi, baba mdogo wa bwana harusi, mtu wa safu ya kwanza msikitini ambaye watu humwonea haya hata kupiga chafya mbele yake. Nyuma alikaa bwana harusi, mpambe wake, na Bi Saada, dada yake Mzee Hamidi, mjane wa miaka sitini na kitu mwenye magoti yanayouma na dumu la njano la lita kumi.

Mzee Hamidi alimuuliza dada yake dumu hilo lina nini. Bi Saada akajibu kwamba ni maji ya kunywa, kwa kuwa maji ya Chinongwe yana chumvi na hayamfai. Mzee Hamidi akaitikia, akaangalia mbele.

Msomaji wa mikoa mingine afahamishwe kwamba mwezi wa kumi kwetu ni mwezi wa mabibo. Matunda hayo ya mkorosho yakikamuliwa, maji yake hunywewa na watoto siku hiyohiyo. Yakiachwa yalale, huitwa uraka, na watoto hufukuzwa. Maji hayo, yakiwa mabichi au yamelala, yana tabia moja ambayo kila mama wa kusini anaijua: yakidondoka kwenye nguo, doa lake litakuwepo hata nguo ikishakuwa dekio.

Msafara uliondoka kama misafara yote ya harusi inavyoondoka, honi zikilia na taa zikiwaka mchana kweupe. Hiyo ndiyo desturi. Gari la harusi lisilowasha taa hudhaniwa linatoka kuzika. Na kwa kuwa mbele yao kulikuwa na lori lililobeba viti, masufuria na shangazi wengine, Mwamina alikuwa anaosha kioo kila mara, na kila akiosha kioo, taa nazo zinaoga. Walipovuka Mnero tanki lilikuwa limekauka.

"Tumebakiza kama kilomita tano, mpambe akaniambia gari la bwana harusi haliwezi kufika kama limetoka kuchimba mtaro," anasimulia Mwamina. "Nikasimama. Madumu yangu yote yalikuwa matupu. Nikamgeukia Bi Saada, nikamwambia, shangazi, naomba maji yako kidogo."

Bi Saada alisema maji yale ni ya kunywa. Mwamina akamwambia atamnunulia mengine Ruangwa. Bi Saada akasema magoti yake yameshayazoea hayo. Hapo Mzee Hamidi akageuza shingo, taratibu, na kumtazama dada yake.

"Mpe," alisema. "Watu wa Chinongwe hawanywi mchanga."

Bi Saada angeweza kusema ukweli wakati huo. Alikuwa amebanwa kati ya kaka yake na dumu lake, na alichagua kaka. Alilishika dumu kwa mikono miwili, akalitazama mara ya mwisho, akalitoa dirishani.

Mwamina alikuwa amejifunga mtandio puani kuzuia vumbi, kama madereva wote wa njia ile wanavyofanya. Alipofungua kizibo, dumu lilipumua. Yeye, asiyejua pombe hupumua vipi, akadhani ni joto. Akaingiza faneli ya chupa iliyokatwa kwenye mdomo wa tanki, akamimina mpaka tone la mwisho, akashukuru, akapanda.

Nyumbani kwa bibi harusi watu walikuwa wamejipanga kuwapokea. Aliyetangulia mbele kabisa ni baba wa bibi harusi, Mzee Ramadhani, mkulima mwenye ekari nyingi za mikorosho na kanzu mpya nyeupe iliyoshonwa Lindi kwa ajili ya siku hiyo moja. Nyuma yake vigelegele. Mwamina, akitaka gari liingie likiwa linang'aa, alipunguza mwendo penye kona ya mwisho, taa zikiwaka kama desturi inavyotaka, akavuta kijiti.

Kipua cha kushoto kiliosha taa. Cha kulia kilimwosha Mzee Ramadhani, kuanzia kidevuni hadi mapajani.

Vigelegele vilikatika. Mzee Ramadhani alisimama, mikono ikiwa imeachana na mwili, uraka ukimchuruzika kwenye ndevu. Akapitisha ulimi kwenye mdomo wa juu, bila kukusudia, kama mtu yeyote angefanya. Na kabla hajajizuia, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni:

"Huu umelala siku mbili."

Mke wa Mzee Ramadhani, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akiambiwa kwamba mumewe hajui hata harufu ya kitu hicho, aligeuka polepole. Bi Saada aliona kitu cha muhimu sana chini ya kiti na kuinama kukitafuta.

Ndoa ilifungwa. Mzee Ramadhani alimkabidhi binti yake akiwa na kanzu ya kuazima kutoka kwa jirani mfupi, iliyomfika katikati ya miguu, na picha zipo. Lakini hasira yake ilihitaji mahali pa kwenda, na haikuweza kwenda kwa mkewe. Ikaenda kwa dereva. Akatangaza kwamba yule mwanamke amekuja kwenye harusi ya mtoto wake amelewa, na gari lake limejaa pombe.

Jioni ile Ruangwa mjini ilisemekana Mwamina alikuwa amelewa. Kesho yake Nachingwea ilisemekana analewa kila siku. Siku ya tatu, kijana mmoja sokoni alimuuliza kwa unyenyekevu kama ni kweli gari lake linatumia uraka badala ya petroli, na kama ni kweli, linakwenda kilomita ngapi kwa lita.

"Huyo nilicheka naye," anasema Mwamina. "Waliokuwa hawaniulizi ndio walioniumiza."

Simu za akina mama zilikoma. Msimu wa harusi ulikuwa umepamba moto, misafara inapita kituoni kwa honi na taa, na yeye yuko kwenye foleni anangoja abiria wa mmojammoja. Mama mmoja, ambaye Mwamina alimpeleka zahanati usiku wa kujifungua watoto wake wawili, alivuka barabara ili asisalimiane naye. Binti yake mkubwa, aliyeko kidato cha pili, alirudi kutoka shuleni akamuuliza, "Mama, ni kweli?" Mwamina anasema hapo ndipo alipoingia ndani, akafunga mlango, akalia mpaka kichwa kikauma.

Dawa ilikuwa mdomoni mwake. Angesema tu kwamba dumu lilikuwa la Bi Saada. Hakusema.

"Yule ni mtu mzima, ana wajukuu," anaeleza. "Mimi nilijua jina langu litarudi siku moja, maana sinywi kweli. La kwake, kwa umri ule, na kaka kama yule, lingerudi lini? Nikasema ngoja nivumilie. Nikavumilia nikawa nakonda."

Katikati ya mwezi wa kumi na moja Silvanus aliitisha kikao cha madereva kwenye mabenchi ya fundi wa pancha, pembeni mwa kituo. Silvanus aliwahi kuendesha malori ya masafa marefu na anapenda mambo yaende kwa utaratibu. Alisimama, akakohoa, akasema ajenda ni moja: gari linalotema. Mzee Ramadhani alikuwa amempigia simu akitaka gari hilo lisikanyage tena upande wa Ruangwa, na baadhi ya wanachama walilalamika kwamba jina la kituo linachafuka.

Uamuzi uliopendekezwa ulikuwa Mwamina ang'oe vipua kabla ya Ijumaa na aeleze pombe aliitoa wapi, la sivyo atoke kwenye foleni. Kutoka kwenye foleni ni kukosa hesabu, na kukosa hesabu ni kurudisha gari kwa bosi huku miaka miwili ya jasho ikipotea.

"Kujaza nilijaza mimi," Mwamina aliwaambia. "Kosa la kujaza ni langu. Kunywa sinywi."

"Dada Mwamina, hatukuulizi kunywa," alisema Silvanus. "Tunakuuliza uraka ulikuwa wa nani."

Mwamina akakaza fundo la kanga. Silvanus akauliza tena. Mwamina akatazama matairi. Wenzake wakaanza kutazamana kwa namna ya watu ambao wameshapata jibu.

Hapo ndipo ikaingia bodaboda na Bi Saada juu yake, ameketi upande, mtandio umemkaa vibaya. Nyuma yake bodaboda ya pili, na Mzee Hamidi. Bi Saada alikuwa amemuaga kaka yake kwamba anakwenda kumjulia hali rafiki yake mgonjwa, na kaka yake akasema vizuri, tunakwenda wote.

Asubuhi ile, kwa maelezo ya Bi Saada mwenyewe, nyumbani kwake walikuwa wanapanga sherehe ya mjukuu. Mtu akataja gari la Mwamina. Mkwe wake akasema yule mlevi hapana. Bi Saada alikuwa na kipande cha muhogo mdomoni, na anasema alikitema, akaita bodaboda impeleke kituoni.

Alishushwa, akashikilia goti moja, akasimama mbele ya madereva kumi na kitu.

"Dumu lilikuwa la kwangu," alisema. "Huyu mtoto aliniomba maji. Nikampa uraka kwa sababu nilishasema ni maji. Ninyi mnaomhukumu, mhukumuni mwenye dumu." Kisha, kwa kuwa Kiswahili hakikumtosha kwa yaliyobaki, akahamia Kimwera, akamalizia humo, na waliokuwa wanakielewa wakainamisha vichwa.

Wote wakamgeukia Mzee Hamidi. Mwamina anasema alimwogopea yule bibi kuliko alivyojiogopea mwenyewe. Mzee Hamidi alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Nilijua tangu Nachingwea," alisema.

Bi Saada akamwangalia kaka yake kana kwamba ndiyo kwanza wametambulishwa.

"Dumu lilikuwa limefura," aliendelea Mzee Hamidi. "Maji hayafuri. Nikafikiri, huyu mdogo wangu atakwenda kunywa hiki kitu kwenye harusi ya mtoto wetu, halafu atacheza, na magoti yale. Dereva alipoomba maji, nikaona bora linywe gari kuliko anywe yeye. Sikujua kama gari lenyewe linatapika."

Aliyeanza kucheka ni fundi wa pancha. Aliacha tairi likamtoka, likazunguka mpaka kwenye mtaro. Silvanus alijaribu kusema kikao kina heshima yake, lakini mabega yake yalikuwa yameshaanza kutikisika, na hadi siku hiyo katika kituo cha Nachingwea haikuwa imewahi kuonekana kikao kikijifunga bila mtu yeyote kukifunga. Mwamina alicheka na kulia kwa pamoja. Bi Saada hakucheka. Alikuwa bado anamuuliza kaka yake ilikuwaje akamwacha aone aibu mwezi mzima, na kaka yake alikuwa anamjibu kwamba alikuwa anangoja aambiwe.

Kwa kuwa Silvanus hawezi kuondoka bila azimio, azimio likapatikana. Vipua vising'olewe. Benedikto aweke swichi ndogo pembeni mwa usukani, ili taa zioshwe pale tu dereva anapotaka. Na Mzee Hamidi, kwa kuwa alijua na akanyamaza, ampigie simu Mzee Ramadhani.

Simu hiyo Mzee Hamidi aliipiga palepale, na waliokuwepo wanaikumbuka kwa ufupi wake. Baada ya salamu na maelezo, inaonekana upande wa pili ulibisha. Mzee Hamidi akasikiliza hadi mwisho.

"Sheikh wangu," alisema, "dereva alimimina lita kumi akidhani ni maji. Wewe ulionja tone moja ukataja na siku. Sasa kati yenu wawili nani anaijua pombe?"

Simu ikakatika.

Swichi ilifungwa wiki hiyohiyo. Ni nyeusi, imetolewa kwenye redio ya zamani, na Mwamina ameifunika kwa kipande cha plasta ili wapambe wa harusi wasiiguse. Akina mama walianza kurudi mmojammoja, wengine kwa aibu, wakimpa sababu za kutopiga simu ambazo hakuwa amewaomba. Yule mama wa watoto wawili alimletea kuku. Mwamina alimpokea kuku, akamfunga kamba mguuni.

Ila upande wa Ruangwa kulibaki kimya. Abiria aliwachukua, lakini harusi za huko hakuitwa. Neno la Mzee Ramadhani lilikuwa halijafutwa na mwenyewe, na bila yeye kulifuta, hakuna familia ya Chinongwe ambayo ingethubutu.

Jumatatu ya wiki hii Mwamina alikuwa amesimama kuweka mafuta simu yake ilipoita. Namba hakuijua. Sauti aliijua.

"Mwamina, mwanangu," alisema Mzee Ramadhani. Akamuuliza hali, akamuuliza watoto, akamuuliza mvua imenyeshaje huko Nachingwea, akazunguka sana. Mwisho akasema ana binti wa pili, anaolewa na mtu wa Nachingwea, na Jumamosi ijayo atahitaji gari la kumtoa nyumbani na kumpeleka kwa mumewe. "Mama yake amekataa magari yote niliyomtajia. Nataka umbebe wewe."

Mwamina anasema alihamishia simu sikio la pili.

"Nikamuuliza, baba, ni kwa gari hili hili? Akasema, hilo hilo. Watu wangu nitawapanga ubavuni."

Alilipia mafuta, akasogeza gari pembeni, akakaa humo kwa muda na madirisha yamefungwa. Hakutaka muuza mafuta amwone akilia. Anasema hakuwa na huzuni yoyote, ni kwamba tangu mwezi wa kumi alikuwa amebeba kitu kifuani, na hapo ndipo kilipotua.

Mipango yake ni kumaliza mkataba mwaka kesho, gari liwe lake kwa karatasi na kwa haki, na kumpeleka binti yake mkubwa kwenye masomo ya uuguzi. Lakini hilo la mwaka kesho analisema kwa haraka. La Jumamosi analisema polepole. Atatoka alfajiri, tanki limejaa maji atakayoyachota mwenyewe bombani Ijumaa mchana, mbele za watu wote.

Na taa? Swichi anayo, lakini kipua cha kulia bado kimepinda, na barabara ya kurudi itakuwa na tope na macho mengi, je, hataona ni salama zaidi kuzizima mara hii?

"Nitaziwasha mlangoni kwao," anasema Mwamina, "na nitazizima mlangoni kwa mumewe. Mtoto wa watu simchukui kimyakimya kama mzigo."